MAGURUDUMU HAYAPANDI NGAZI

Hotuba iliyotolewa na fundi wa mabehewa mbele ya mkutano wa tawi. Tumeichapa kwa ajili ya wanachama waliokuwa zamu, na kwa wale ambao hawakuweza kuufikia ukumbi.



Mimi si mwanasheria wala mwalimu. Nilisoma shule ya msingi ya misheni, kisha nikaingia kazi ya reli. Kazi yangu ni magurudumu na breki za mabehewa. Kwa hiyo nitasema kwa maneno ya kazi yangu, na juu ya mambo niliyoyapima kwa utepe wangu mwenyewe.

Kamati imenitaka niseme juu ya haki za binadamu katika mtaa wetu. Watu wengi wakisikia maneno haya hufikiri juu ya mahakama kubwa, au Umoja wa Mataifa, au mabwana wenye mikoba. Leo nataka tufikiri juu ya mlango wa ukumbi. Maana haki ya mtu ya kusema, ya kupiga kura na ya kuchagua viongozi wake huanza kwa kuingia ndani. Asiyeweza kuingia hana la kusema, hata kama katiba imemwandikia mengi.

WENZETU WASIOKUWAPO

Tazameni viti vilivyo mbele yenu. Tawi letu lina wanachama watatu walioumia kazini hata miguu yao ikakosa nguvu. Wa kwanza alikuwa mtu wa shantingi, akabanwa mguu kati ya mabehewa mawili. Wa pili alianguka kutoka juu ya behewa la mizigo. Wa tatu alikuwa katika gengi la njia, akaumia mgongo wakati wa kuinua reli. Wote watatu walilipa ada yao bila kukosa. Wote watatu walisimama nasi wakati wa mgomo. Humu ndani leo hakuna hata mmoja wao.

Si kwamba hawataki kuja. Chumba hiki kiko orofani, na ngazi za kupandia ni 19. Nimezihesabu.

Sasa fikirini. Katika mkutano uliopita tulizungumza saa mbili nzima juu ya fidia ya walioumia kazini. Tuliitaja sheria ya mwaka 2007 inayohusu fidia hiyo. Tulisema maneno mazuri. Lakini wale tuliowasemea walikuwa nyumbani kwao, na habari ya mkutano waliipata kwa kuulizia njiani. Huku ni kuamua shauri la mtu hali yeye amefungiwa nje ya baraza.

Ulemavu, ndugu zangu, si jambo geni kwa watu wa reli. Njia ya kutoka Mombasa ilianza kujengwa mwaka 1896 na ikafika Kisumu mwaka 1901. Kwa kazi hiyo waliletwa wafanyakazi 31,983 kutoka Bara Hindi. Hesabu iliyoandikwa wakati ule yasema kwamba 2,493 walikufa, na wengine 6,454 waliondolewa kazini kwa sababu afya yao ilikuwa imevunjika. Kwa kila mmoja aliyezikwa, zaidi ya wawili waliondoka wakiwa hawafai tena kwa kazi. Majina ya stesheni twayajua yote kwa mfuatano wake. Majina ya watu hao hatuyajui.

Kwa hiyo mtu asiseme humu kwamba habari hii ni ya watu wengine. Kwetu sisi ni hatua moja tu, utelezi mmoja wa kiatu usiku wa mvua.

BEHEWA NA MTU

Gurudumu halipandi ngazi. Kila mtu wa karakana ajua hivyo. Reli ilipofika ukingo wa Bonde la Ufa, hakuna mhandisi aliyeliambia behewa lijitahidi. Kwanza waliteremsha mabehewa kwa kamba, kisha wakatengeneza njia ya kudumu yenye mteremko wa kadiri, hata kama njia hiyo ilikuwa ndefu zaidi. Mpaka leo behewa likishindwa kupita mahali, jambo la kwanza tunalofanya ni kuikagua njia.

Lakini mtu aliye katika kiti cha magurudumu akishindwa kuingia ukumbini, hatuikagui njia. Twamtazama yeye miguu yake, twasema, maskini, ni mlemavu. Miguu yake haikumzuia kuja. Amekuja mpaka mlangoni! Kilichomzuia ni zile ngazi tatu, na ngazi hizo hazikuumbwa na Mungu. Zilijengwa na fundi kwa saruji, na fundi aweza kuzirekebisha.

Kipimo chake si siri. Kwa kila futi 1 ya kwenda juu, njia ya mteremko iwe na urefu wa futi 12. Ikiwa fupi kuliko hapo, mtu hawezi kujisukuma mwenyewe, na wakati wa kushuka kiti kitamkimbilia. Iwe na ukingo pembeni ili gurudumu lisitoke, na chuma cha kushikia kwa ajili ya mzee na mwenye magongo. Juu, mbele ya mlango, pawe na mahali tambarare pa kusimamisha kiti wakati wa kufungua. Hayo ndiyo yote. Sisi tunaotunza magurudumu hatuwezi kusema hatuyaelewi.

MAMBO TULIYOYAPIMA

Jumamosi mbili zilizopita wanachama wanne wa tawi hili walizunguka mtaani pamoja na kikundi cha watu wenye ulemavu. Katika kikundi hicho alikuwamo mama mmoja wa kiti cha magurudumu, mzee asiyeona, na kijana kiziwi ambaye alikuja na dada yake wa kumtafsiria. Tulichukua utepe, kalamu na daftari. Nitawasomea machache.

Kwanza, ukumbi wa mtaa. Una ngazi 3, kila moja inchi 6. Kwa hiyo wahitaji njia ya mteremko ya futi 18, na uwanja wa kuijenga upo. Mlango wake una mbao mbili. Ubao mmoja hufungwa kwa komeo siku zote, na ule unaofunguliwa una nafasi ya inchi 26. Kiti cha magurudumu chataka nafasi isiyopungua inchi 32. Tulimwomba mlinzi afungue komeo la pili. Lilikuwa na kutu, likatushinda kidogo, kisha likafunguka. Hapo gharama ilikuwa tone la mafuta.

Pili, zahanati. Hapo njia ya mteremko ipo, na aliyeijenga bila shaka alisifiwa. Lakini yapanda futi 2 kwa urefu wa futi 8 tu. Yule mama alisukumwa na wanaume wawili, na bado kiti kilitaka kurudi nyuma. Nayo yaishia penye mtaro. Kitu kama hicho kimejengwa ili kionekane, hakikujengwa ili kitumike.

Tatu, ofisi moja ya umma. Pana choo kilichowekwa kwa ajili ya walemavu, na picha ya kiti cha magurudumu imechorwa mlangoni. Kimefungwa kwa kufuli. Tulipouliza ufunguo tuliambiwa uko kwa mtu, na mtu huyo ametoka. Alipokuja kufungua tukakuta mifagio, ndoo, na viti vilivyovunjika.

Nne, shule tunamopigia kura. Madarasa hayana ngazi nyingi, moja tu kila mlango. Lakini kati ya lango na madarasa pana mtaro usio na kifuniko. Yule mzee asiyeona alituonyesha mahali ulipo kabla hatujaufikia. Aujua kwa sababu amekwisha kutumbukia humo mara mbili.

Na yule kijana kiziwi alituambia jambo ambalo utepe hauwezi kulipima. Alisema yeye hupita kila mlango bila taabu, na akiisha kuingia hukaa kama mtu aliye nje, maana mkutano wote ni midomo inayotembea. Kwake yeye, mlango ni mtu wa kutafsiri kwa lugha ya ishara, au karatasi iliyoandikwa yale yatakayosemwa.

SHERIA YASEMA NINI

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 54, yasema kwamba mtu mwenye ulemavu ana haki ya kutendewa kwa heshima, na kufikia kwa njia ifaayo mahali pote, na vyombo vya usafiri wa umma, na habari. Pia ana haki ya kutumia lugha ya ishara au maandishi ya nukta ya vipofu. Kifungu cha 27 chakataza ubaguzi kwa sababu ya ulemavu, na hakiikatazi Serikali peke yake. Chamkataza kila mtu. Tena Lugha ya Ishara ya Kenya ni mojawapo ya lugha tatu za Bunge letu, pamoja na Kiswahili na Kiingereza. Ikiwa lugha hiyo yafaa Bungeni, je, haifai katika mkutano wa tawi?

Kabla ya Katiba hiyo kulikuwa na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2003. Iliwaamuru wenye majengo ya umma wayarekebishe, ikawapa miaka 5 tangu kifungu hicho kuanza kutumika. Muda huo ulikwisha zamani. Mwaka 2008 Kenya iliukubali rasmi Mkataba wa Umoja wa Mataifa juu ya haki za watu wenye ulemavu, uliopitishwa mwaka 2006. Na mwaka 2025 ikatungwa sheria mpya, ikachukua mahali pa ile ya 2003.

Kwa hiyo sheria hatukukosa. Tulichokosa ni watu wa kuipeleka sheria mpaka mlangoni. Sheria iliyo Nairobi haiwezi kujua kwamba komeo la ukumbi wetu lina kutu. Sisi ndio tunaojua.

HAKI HAIKULETWA NA UPEPO

Tusidhani pia kwamba mambo haya yalitolewa bure na wakubwa. Mwaka 1959, wakati wa ukoloni, vipofu wa nchi hii waliunda chama chao, Kenya Union of the Blind. Angalieni jina walilolichagua. Walikiita kwa neno lile lile tunalokiita chama cha wafanyakazi, kwa sababu walitaka kujisemea wenyewe badala ya kusemewa na wafadhili. Mwaka 1964 wakapeleka maombi yao hadi Ikulu kwa Jomo Kenyatta. Mwaka huo huo pakawa na kamati ya Serikali ya kuchunguza hali ya walemavu, chini ya Ngala Mwendwa, ambaye alikuwa Waziri wa Kazi.

Na nchi za mbali ilikuwa vivyo hivyo. Mwaka 1977 watu wenye ulemavu huko San Francisco, Marekani, waliingia katika ofisi za serikali, wakakaa humo zaidi ya siku 20 wakidai kanuni za kuwalinda zitiwe sahihi. Baadhi yao walikwenda mpaka Washington, na chama cha mafundi wa mashine kikawasaidia lori la kuwabebea wao na viti vyao. Kanuni zilitiwa sahihi tarehe 28 Aprili mwaka huo. Mafundi wa mashine, ndugu zangu! Hao ni watu wa kazi kama yetu. Waliona kwamba shauri lile ni lao pia.

MANENO NILIYOYASIKIA

Nimewaeleza baadhi yenu mambo haya wakati wa chai karakanani, na majibu niliyopata ni matatu. Nitayajibu yote.

La kwanza ni kwamba watu hawa ni wachache. Hesabu ya watu ya mwaka 2019 iliwakuta watu wenye ulemavu karibu 900,000, ndiyo kusema kama watu 2 katika kila 100, na walio na shida ya kutembea ndio wengi zaidi. Lakini hata tukiacha hesabu hiyo, nauliza: twawaonaje kuwa wachache? Kwa kuwatazama ukumbini. Na ukumbini hawawezi kuingia. Tena ongezeni wazee, ongezeni mama mjamzito, ongezeni aliyevunjika mguu akawa na magongo miezi mitatu. Njia ya mteremko haimchagui mtu.

La pili ni kwamba fedha hakuna. Nimewaambia habari ya komeo. Kuondoa mifagio chooni si fedha. Kufunika mtaro ni mbao au zege kidogo. Kuhamisha mkutano kutoka orofani kwenda chini ni shauri la kukubaliana tu. Njia ya mteremko ya futi 18 yataka mawe, mchanga, kokoto na saruji, na mafundi wa kujenga tunao katika tawi hili. Yale makubwa tutayadai kwa wenye majengo, maana ni wajibu wao. Lakini madogo tusiyafiche nyuma ya makubwa.

La tatu ndilo linalosemwa kwa moyo mwema kuliko yote. Wasema, wakija tutawabeba. Ndugu zangu, hapa nataka mnisikilize sana.

Sisi tuliosoma misheni twaikumbuka habari ya yule mtu aliyepooza, ambaye rafiki zake wanne walimbeba, wakakuta mlango umejaa watu, wakapanda juu ya nyumba na kufungua dari ili wamteremshe ndani. Wale walikuwa rafiki wa kweli, nawasifu. Lakini mtu hawezi kufunguliwa dari kila Jumapili ya mkutano. Mtu anayebebwa huja wabebaji wakipenda, na huondoka wabebaji wakichoka. Akitaka kwenda chooni hana budi kuomba mbele ya watu. Wakiteleza katika ngazi ya kumi, ataumia mara ya pili kwa ajili ya chama.

Na liko jambo jingine. Ninyi mwajua mikutano yetu. Mtu akikasirika husimama, huchukua kofia yake, hutoka nje, na sisi sote twajua kwamba amekataa. Hiyo ni haki yake. Mtu aliyebebwa orofani hawezi kufanya hivyo. Atakaa pale hata kama ametukanwa, akingoja wale wale aliowapinga wamchukue wamteremshe. Je, huyo atapiga kura yake kwa uhuru? Mwanachama asiyeweza kutoka mkutanoni kwa hasira yake mwenyewe si mwanachama kamili. Sisi tumemfanya mgeni wetu.

TUFANYE NINI

Bwana Mwenyekiti, sipendi kusema tu kisha nikakaa. Natoa hoja tatu.

Hoja ya kwanza: tangu sasa tawi hili lisifanye mkutano wowote mahali ambapo mwanachama hawezi kufika bila kubebwa. Chumba hiki ni chetu kwa kodi, nasi tumekizoea. Lakini tukiwaandikia wengine barua juu ya ngazi 3 huku sisi tumekaa juu ya ngazi 19, watatucheka, na watakuwa na haki ya kutucheka.

Hoja ya pili: vipimo tulivyovichukua vipigwe chapa na vipelekwe kwa wenye majengo, kila mmoja kwa barua yake, tukitaja kifungu cha 54. Kumbi nyingi za mitaa ziko chini ya serikali za kaunti tangu serikali hizo zilipoanza kazi mwaka 2013. Kwa hiyo twende pia katika mikutano ya wananchi juu ya makadirio ya fedha ya kaunti, twende na wenzetu wa kikundi, nao ndio waseme. Nakala zipelekwe kwa Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, na kwa Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu. Wakikaa kimya, kifungu cha 22 cha Katiba chaturuhusu kwenda mahakamani kama chama kwa ajili ya wanachama wetu, na ada ya kufungua shauri la namna hiyo haitozwi. Lakini tuanze kwa barua. Barua yenye inchi na futi haijibiki kwa maneno matupu.

Hoja ya tatu: Kamati ya tawi iwe na nafasi kwa wanachama walioumia kazini, nao wamchague mwenzao wenyewe. Sisi tulio wazima tusiwachagulie. Mwaka hadi mwaka tumekuwa tukisema kwa niaba yao. Sasa na wasikike wenyewe, hasa kwa kuwa kati yao yuko mmoja ambaye, mnakumbuka, hakuna meneja aliyemweza kwa maneno.

Ndugu zangu, chama chetu kilijengwa juu ya neno moja, kwamba jeraha la mmoja ni la wote. Neno hilo twalisema kwa sauti kubwa siku ya mgomo. Mimi naona kipimo chake hasa ni siku ya kawaida, mtu alipokwisha kuumia, magazeti yamenyamaza, na mkutano umeitishwa. Hapo ndipo hujulikana kama bado ni mmoja wetu, au amekuwa mtu wa kuchangiwa tu.



(Hoja hizi tatu zitajadiliwa na kupigiwa kura katika mkutano mkuu wa tawi. Wanachama waangalie: mkutano huo hautafanywa orofani. Utafanywa katika ukumbi wa mtaa, na mbao zote mbili za mlango zitakuwa wazi. Wanachama walio mafundi wa kujenga, na wenye nafasi Jumamosi kabla ya mkutano, wajiandikishe kwa Katibu. Waje na makarai na mwiko. — Mhariri)